Swali la Tisa

Umoja, 4 Machi 2025

Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Natumai u mzima, kifua kimepoa kidogo, na Triza wa shangazi alikufikishia zile dawa. Mimi ni mzima kwa neema ya Mungu, ila moyo ndio hautulii.

Utashangaa nakuandikia barua na niko hapa tu Umoja, jiji moja nawe. Baba, hili nikilisema mbele yako nitalia kabla sijamaliza. Ile kuvu uliyoniletea kwenye kopo kutoka mfereji wa nyuma ya kiwanda, ukaniambia, "Daktari, hebu angalia hii kitu, inakula rangi," kweli inakula rangi. Inakula hata madini ya risasi, ile sumu iliyo ndani ya rangi. Nikipata maabara nzuri na miaka mitatu, naweza kuikuza mpaka isafishe mto mzima.

Chuo hakina pesa. Kampuni pekee iliyotangaza ufadhili wa utafiti mkubwa namna hii ni hiyo yenu ya rangi. Nimejaza fomu. Swali la tisa liliuliza: Je, una jamaa yeyote anayefanya kazi katika kampuni hii? Ukijibu ndiyo, fomu inajifunga hapo hapo. Nilijibu hapana.

Nisamehe. Wakikuuliza, tafadhali usiseme kitu.

Binti yako,
Nerima

Mukuru kwa Reuben, 9 Machi 2025

Mwanangu Nerima,

Salamu sana. Barua nimeipata. Triza aliileta ameificha ndani ya pakiti ya unga, sijui alidhani ni hati ya shamba. Mimi ni mzima. Kifua ni kile kile, tumeshazoeana. Wewe unakula vizuri, ama ni chai na mandazi tu?

Sasa hiyo hapana yako. Nilicheka kwanza. Halafu nikaacha kucheka. Lakini basi, fomu ni fomu na mtoto ni mtoto. Nimenyamazia wakubwa wengi wasionifaa chochote, nitashindwaje kunyamaza kwa ajili yako?

Ila niambie kitu kimoja. Kama waliuliza ni nani aliyeiona hiyo kuvu kwanza, uliandika nini?

Baba yako,
Wakoli

Umoja, 17 Mei 2025

Baba mpendwa,

Salamu. Najua nimekaa kimya zaidi ya miezi miwili. Nisisingizie kazi, ni lile swali lako. Niliandika, "Iligunduliwa na mtafiti mwenyewe." Haya, nimesema. Ningekutaja wangetaka kujua wewe ni nani wangu.

Tumebaki waombaji watatu. Alhamisi, tarehe 22, majaji wanakuja kiwandani kuuona mfereji, nami nitakuwepo. Baba, nakuomba kwa magoti, siku hiyo usiende kazini. Nikikuona, uso wangu utasema kila kitu.

Binti yako,
Nerima

Mukuru kwa Reuben, 24 Mei 2025

Kwa Daktari,

Salamu. Safari hii hukuniuliza hali, lakini kifua kimezidi.

Nilienda kazini. Kibarua akikosa siku moja, kesho yake anakuta mtu mwingine ndani ya viatu vyake vya gambuti. Wewe unajua hivyo, maana ni kibarua hicho kilichokusomesha. Sikuja kukuaibisha. Supavaiza Sydney ndiye aliyeniita, kwa sababu mfereji ule naujua mimi.

Yule mama jaji akauliza kuvu ilianza kuota lini. Ukaangalia viatu vyako. Nikamjibu mimi, tangu mvua ya mwaka juzi, bomba lilipopasuka. Akafurahi. Akasoma jina kwenye kadi yangu kifuani, akasoma na yako. "Wakoli na Wakoli! Mnajuana?"

Nilikungoja, Nerima. Nilikungoja mpaka watu wakaanza kutuangalia. Ndipo nikasema, "Huyu simjui, mama. Kwetu Wakoli ni wengi." Nawe ukasema, "Asante, mzee."

Uwongo wangu nilikuwa nimejiandaa nao. Lakini hiyo "mzee" uliitoa wapi? Ilikutoka laini sana. Imeniuma, sikufichi.

Wakoli

Umoja, 1 Julai 2025

Baba mpendwa,

Kifua kinaendeleaje? Tafadhali nenda kliniki, usingoje kibarua kiishe.

Nilishinda. Waliponipigia simu kunipongeza niliwaambia asante, nikakata upesi. Barua yako naisoma kila siku, na kila siku naifikia ile "mzee" nikitamani ardhi inimeze.

Basi jana niliwaandikia. Swali la tisa, jibu ni ndiyo. Yule mtu wa mfereji ni baba yangu, na kuvu aliiona yeye. Leo asubuhi wamefuta ufadhili. Baba, tangu Machi ndiyo mara ya kwanza najisikia mwepesi. Nilitaka uwe wa kwanza kujua.

Binti yako,
Nerima

Mukuru kwa Reuben, 6 Julai 2025

Nerima,

Mwepesi. Hongera.

Ijumaa nilifika getini nikaambiwa niache kadi. Kosa langu ni kuwadanganya majaji wa kampuni. Sydney mwenyewe alishindwa kuniangalia machoni. Nikamwachia kadi, nikamwachia na gambuti.

Ona sasa. Mimi nilidanganya kwa ajili yako, wewe umesema ukweli kwa ajili yako. Na mara zote mbili hukuniuliza. Neno moja tu, "Baba, nifanye hivi?", lingekupunguzia nini?

Usiniandikie kwanza.

Wakoli

Umoja, 1 Agosti 2025

Baba,

Najua ulisema nisiandike. Triza ameniambia unakohoa na unaenda kungoja vibarua vya mjengo, kubeba mawe kwa umri huo. Sina la kujitetea. Kwa siku tano nilijiona shujaa, na katika siku hizo tano sikuifikiria kazi yako hata mara moja.

Mara mbili nimefika mpaka kona ya kwenu nikarudi. Woga tu, Baba, hakuna jina lingine.

Jumapili baada ya kanisa nakuja. Kama hutaki, usinifungulie. Nitakaa hapo nje mlangoni, na majirani wakiniuliza namtafuta nani, nitawajibu kwa sauti, ploti nzima isikie: namtafuta baba yangu.

Nerima binti Wakoli