Nilimpa Mume Wangu Bangi, Sasa Jirani Anaitwa Mchawi

Mpendwa mshauri Mama Winnie,

Naomba msaada wako upesi, na naomba usinihukumu kabla hujamaliza kusoma, maana jambo hili sijalisema hata kwenye kitubio. Mimi ni Kornelia, nina miaka thelathini na moja, mkulima wa pamba na mahindi hapa Dutwa, wilaya ya Bariadi, mke wa Novatus na mama wa watoto watatu. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kwa miaka tisa, mtu mpole asiyejua hata ladha ya pombe, mpaka lilipokuja hili soko huria na wanunuzi binafsi wakaanza kupita vijijini na magari yao, kiwanda kikakosa pamba, wakampunguza kazini yeye na wenzake, akarudi nyumbani chakula hakimshuki, usingizi hapati, anashinda akitembea uani kama mtu aliyepoteza kitu.

Binamu yake Masalu, anayeuza samaki kutoka Lamadi, ndiye aliyemletea bangi ya kwanza, akasema ni dawa ya mawazo. Na kweli siku ile Novatus alilala, akaamka akacheka na watoto, nami nilifurahi mno, na hapo ndipo lilipo kosa langu, kwa sababu ilipokwisha ni mimi niliyemfuata Masalu kuomba nyingine, ni mimi niliyekuwa namfungia misokoto, na msimu uliofuata nikapanda mashina manane katikati ya mahindi yangu ili nisihangaike kuitafuta.

Akawa anavuta asubuhi, mchana na jioni. Akaanza kukohoa, akaanza kusahau, anakwenda mashine ya kusaga anarudi bila gunia na hajui kaliacha wapi. Tangu mwezi wa tatu ikawa hali nyingine kabisa: anasema redio inamtaja jina, anaziba masikio kwa pamba, anakataa chakula changu. Siku moja nilimkuta shambani amekwisha kung'oa mistari sita ya pamba iliyokuwa imetoa maua, anasema chini yake kuna watu wanamsengenya, na sauti mojawapo ni ya Mayu Mariana.

Mayu Mariana, mayu kwetu ni mama, ni mjane jirani yetu, ana miaka kama sabini, ndiye aliyewapokea watoto wangu wote watatu walipozaliwa. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa kupikia. Alipoona Novatus anaumwa alikuwa akimletea maziwa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na sasa ukoo wa mume wangu unasema uchawi ulipitia humo. Walikwenda kwa mganga kule Kimali, akapiga ramli, akawaambia mhusika ni mama mzee mwenye macho mekundu anayekaa upande wa machweo wa kaya yetu. Hakutaja jina, na hakuhitaji.

Juzi tukipakia pamba, shemeji yangu Bundala alisema bila kunitazama: "Yule mama hataiona mvua ya mwaka huu." Nikajifanya sikusikia, nikaendelea kushindilia gunia, lakini nilielewa, maana huku kwetu maneno hayo si mzaha, wamama wazee wamekwisha kuuawa kwa maneno kama hayo.

Nikisema ukweli wakwe watanifukuza, watoto watabaki kwao kwa kuwa ng'ombe wa mahari walitoka, na polisi watakuja kwa ajili ya mashina yale. Nikinyamaza, damu ya Mayu itakuwa juu yangu. Masalu nikimwambia anacheka, anasema kwa wazungu watu wanavuta hadharani, siku hizi kila kitu ni ruksa na kesho kutwa hii nayo itaruhusiwa, kwa hiyo haiwezi kuwa na madhara. Nami nawajua wazee waliovuta tangu ujana na bado wanalima. Je, ni bangi kweli, au ni mkono wa mtu? Ukoo unakutana Jumapili ya wiki ijayo. Barua hii nampa katekista wetu aipandishe basi la Mwanza, na jibu lipitie kwake.

Kornelia, Dutwa

MAMA WINNIE ANAJIBU

Wasomaji, barua hii sikuiweka kwenye foleni. Nilimjibu dada huyu siku ileile, jibu likaondoka na basi la kesho yake asubuhi. Ninalichapisha sasa kwa ruhusa yake, na majina yote nimeyabadilisha.

Kornelia, kabla hujamaliza kusoma barua hii mtafute katekista, mwende kwa Mayu Mariana. Mwambieni wazi wanayosema juu yake na mumwondoe hapo leo, awe kwa mwanawe au ndugu yeyote aliye mbali. Usingoje Jumapili. Kisha mwenyekiti wa kitongoji aelezwe, na maneno ya Bundala ayasikie kama yalivyosemwa. Mambo mengine yote yanaweza kungoja siku mbili. Hili haliwezi.

Sasa tuzungumze. Umekosea, dada. Hukufanya kwa ubaya, ulitaka mumeo alale, na ninaujua uchovu wa mwanamke anayemtazama mumewe akiisha mbele yake. Lakini ulipoona anasahau gunia njiani, uliendelea kumfungia. Ulipoona anang'oa pamba, ulinyamaza. Hilo ndilo ninalokugombezea.

Nilimuuliza daktari wa magonjwa ya akili kabla ya kukuandikia. Anasema mtu anayevuta kila siku, tena nyingi, anaweza kuanza kusikia sauti na kudhani watu wanamfuata, hasa kama tayari ana msongo, au kwao kuna aliyewahi kuugua akili. Si kila mvutaji hufika huko, ndiyo maana unawaona wazee wako wanalima. Shida ni kwamba hakuna anayejua mapema kichwa chake ni cha aina gani. Kikohozi na kusahau ni vya moshi uleule. Hata hivyo daktari hawezi kumpima mtu kwa barua. Mpeleke Novatus hospitali ya wilaya, umweleze daktari kila kitu: alianza lini, anavuta mara ngapi, ameacha kula tangu lini. Usifiche hata msokoto mmoja.

Na huyo Masalu mwambie hivi. Watu wazima wanaweza kukaa wakajadili kama sheria ilegezwe. Mimi mwenyewe sioni faida ya kumfunga jela mgonjwa. Lakini sigara zinauzwa dukani kwa ruhusa na mapafu bado yanaoza. Siku serikali itakapotoa tangazo lolote, sauti zilizo kichwani mwa mumeo hazitalisikia.

Jumapili simama useme. Uwe na katekista upande mmoja na mwenyekiti upande wa pili, useme "ni mimi niliyempa," na uyang'oe yale mashina mbele yao. Utaogopa. Sema hivyo hivyo ukiogopa. Mkwe anaweza kukukasirikia mwaka mzima ukapona, lakini Mayu akiuawa hutapona.

ALICHONIANDIKIA BAADA YA WIKI SABA

Mama Winnie, Mayu alikwenda kwa binti yake Kiloleli siku ileile jibu lako lilipofika, amebeba kuku wake wawili. Jumapili nilisema. Mama mkwe alilia, akaniambia nisimguse. Bundala alisimama akasema namtetea mchawi. Baba mkwe, Mzee Shigela, akamwambia akae, kisha akaniuliza neno moja tu, yako wapi hayo mashina. Tukaenda wote. Nikayang'oa mbele yao, mwenyekiti akahesabu manane. Alisema atalipeleka jambo hili kituo cha polisi yeye mwenyewe na mimi nikiwepo. Nilipewa onyo kali, nikaambiwa nimpeleke mgonjwa hospitali.

Wiki mbili za kwanza wodini zilikuwa ngumu, Novatus alikuwa akiomba moshi na kunitukana. Wiki ya tatu alikula ugali wote. Wiki ya tano akaniuliza kama redio ya wodini ilikuwa inasema habari za bei ya pamba, nikasema ndiyo, akasema naye anasikia hivyo hivyo. Daktari anasema vidonge ataendelea navyo kwa miezi mingi na bangi asiiguse tena maisha yake. Bado mikono inamtetemeka, lakini amerudi nyumbani, na Jumatatu alinitengenezea baiskeli.

Bundala alikwenda wodini mara tatu. Mara ya tatu Novatus mwenyewe alimweleza jinsi zile sauti zilivyokuwa zikibadilika, leo ya Mayu, kesho ya Bundala huyo huyo. Shemeji alitoka nje akakaa kwenye ngazi.

Jana Mayu alirudi kwa basi, mwenyekiti na mimi tukampokea. Tulimkuta Bundala ametutangulia stendi na baiskeli yake. Alimwamkia kwa kupiga magoti, akamwomba apande nyuma ampeleke nyumbani. Mayu akamwambia, "Mzigo beba. Mimi nitatembea."

Basi Bundala akafunga mzigo na kuku kwenye keria, akaisukuma ile baiskeli njia nzima, polepole, kwa mwendo wa mama mzee.