Kuku wa Tata Yake Ngalula

Kolwezi, siku ya kazi moja, mwanzo wa juma, mangaribi. Mvua inapiga mabati, na roho yangu inapiga kuliko mabati.

Mi, mutu niliyefika Elisabethville mara na mara, mwenye suruali ya pasi na Kifaransa ya kutosha kunyamazisha kapita wa kazi, niko naogopa kuku!

Siku ya posho nilikanyaga pedali ya kinga yangu mpaka kwenye shamba la tata, baba yake Ngalula, muchumba wangu. Kule kuku si nyama tu. Jogoo njo saa yao ya kuamuka. Majike banamaliza muchwa karibu na gala. Kuku mweupe anapatanisha bandugu, na manyoya yake inasafisha masikio. Yote hayo nilimufasiria muzee mwenyewe, kama vile shamba ni yangu.

Akafurahi. Akanipa jike mukononi, muzima, miguu imefungwa kamba.

Nikaona batoto ba pale bananiangalia. Mi kitu cha kula siwezi kukishika peke yangu. Nikamupa mama yake Ngalula: "Mama, pika, tukule wote!"

Tukakula na bukari ya unga wa muhindi. Nikapiga masimulizi, nikacheka.

Nilicheka peke yangu.

Kaka yake Ngalula akanivuta pembeni. "Weye, muntu wa Kolwezi! Ile kuku ilikuwa ya kuenda kutagia kwako. Tata alikuwa anakupa Ngalula. Weye umemutia chumvi!"

Nikapiga magoti. Muzee akaenda kulala. Asubuhi akaleta kikapo, ndani kuku mwingine amelalia mayai.

"Peleka kwako. Bitoto byake bikikomaa, ulete nibione. Ukibikula, usipite tena njia yangu."

"Ndiyo, Tata."

Sijapata kusema maneno mafupi hivi.

Sasa kikapo iko chini ya meza. Musungu mukubwa wa kambi yetu ya kazi hataki kuku ndani ya nyumba, lakini yeye nitamufichia kwa gunia. Musungu si shida.

Shida ni mi. Nani humu kambini hajakula kwangu?

Leo jirani yangu, Tata Kabongo, amesimama mulangoni na bageni bake ba Kasai. "Mukubwa, nasikia kuku kwako. Bageni bako na njaa, na bote banajua mukono wako."

Nikabapa makayabu, samaki ya chumvi. Bakakula bananitazama kama nimekuwa mugonjwa.

Bamesema batarudi kesho. Je, Ngalula, huu mudomo wangu utaweza kweli kusema hapana?