Ngosa Mdogo Amekataa

Mtaa wa Kenya, Élisabethville
4 Machi 1953

Yaya Victorine,

Salamu nyingi kwako, dada yangu mkubwa, na kwa mume wako Adrien. Sisi wazima, ni kichwa changu tu. Tangu nilipoanguka toka juu ya ngazi tukijenga ukuta wa duka moja, jeraha la nje limepona, lakini daktari anasema ubongo utachukua muda wake. Maneno yananikimbia. Jana nilivaa shati, kisha nikavaa jingine juu yake. Mwanangu Kunda akacheka. Nikamwambia yeye na dada yake: "Mukiniona nakosa, musicheke, na musininyanganye kitu mu mukono. Mungoje. Nitaanza tena." Mke wangu Albertine hayupo tena, na sina kingine cha kuwafundisha watoto wake, basi nitawafundisha hicho.

Adrien hajambo? Je, nimekwisha kumsalimu?

Mdogo wako,
Paulin

Kasomeno
19 Machi 1953

Ndugu yangu Paulin,

Umetusalimu, usijali. Tuko salama, mihogo nayo imekubali. Lakini barua yako imeniliza. Nisamehe, nasema wazi: wewe mwenyewe unahitaji kulelewa, utawaleaje wengine? Adrien atapita huko na lori la samaki baada ya Pasaka. Ngosa na Kunda wapande, wakae kwangu mpaka upone. Jibu upesi.

Yaya wako,
Victorine

Élisabethville
28 Machi 1953

Yaya,

Hamjambo? Ni sawa, waje. Nguo zao nimezifunga tayari. Naona uchungu, lakini ni sawa.

Mdogo wako,
Paulin

Élisabethville
30 Machi 1953

Yaya Victorine,

Habari za siku nyingi? Barua yako nimeipata leo. Haiwezekani. Nilimwuliza Mama kama niwaache watoto waende, naye amekataa. Alikuwa ameketi hapa akichambua maharagwe. Unamjua Mama akikataa.

Ila nguo za watoto nimezikuta zimefungwa kwenye kitenge, na sijui ni nani aliyezifunga. Nimechanganyikiwa kidogo.

Mdogo wako,
Paulin

Kasomeno
9 Aprili 1953

Paulin ndugu yangu,

Umelalaje? Mimi silali. Barua moja inakubali, nyingine inakataa, na Adrien ananiuliza afuate ipi. Tena Mama gani? Mama Ngosa tulimzika hapa Kasomeno, wewe mwenyewe ulishika sepetu. Niliogopa hata nikaenda kutazama kaburi. Huko ndiko nilikoelewa: ni binti yako. Ulimpa jina la Mama, na tangu azaliwe tunamwita Mama kama ilivyo desturi yetu, hata mimi nampigia magoti kwa mchezo. Lakini sasa wewe huchezi. Yule ni mtoto, Paulin. Adrien anakuja kuwachukua.

Yaya wako,
Victorine

Élisabethville
20 Aprili 1953

Victorine mwanangu,

Hujambo? Ndivyo ninavyokuita tukicheza, basi leo naandika hivyo. Baba Adrien anarudi na barua hii, bila sisi. Usimkasirikie.

Siku Baba aliponiuliza, "Mama, ulikuya na nini toka Kasomeno?" nilitoka nje nikalia. Kisha nikakumbuka alituambia tungoje. Nikarudi, nikakaa karibu naye. Namwambia, "Baba, mi niko Ngosa mudogo." Mara nyingine anajua, anacheka sana. Mara nyingine hajui, ananiuliza kama bado nina hasira kwa ajili ya mbuzi aliyempoteza porini utotoni. Nikamjibu, "Hapana mwanangu, ile ilishaisha." Akashukuru, akalala vizuri.

Kunda naye hacheki tena. Darasani kwake kuna mtoto mwenye kigugumizi, na wenzake humkata maneno. Kunda anamngoja mpaka amalize. Mwalimu alimwuliza nani alimfundisha, akasema ni Baba.

Aliyekataa ni mimi. Baba aliniuliza akidhani mimi ni Mama, nikajibu kama mimi. Nguo nimezifungua.

Lakini ni kweli niko mtoto, na jioni nachoka. Wakati mwingine sijui tena mimi ni nani humu nyumbani. Kwa hiyo uje wewe, ungoje pamoja nasi. Ngosa mdogo anakuomba. Ukikataa, ujue anayekuita si yeye tena, ni Mama.

Mama yako,
Ngosa