Karatasi Yenye Jina Langu

Mpui, 14 Agosti 1993

Mwanangu Abel,

Huku hatujambo. Ulezi tumemaliza kupeta, na vumbi lake limekichokoza kile kinyama cha jichoni, sasa kinakaribia mboni. Daktari wa mjini alikubali kukikata, ila kwanza nipimwe damu. Nilikasirika: jicho ndilo linaloumwa, mkono uchomwe wa nini?

Baba yako anajua ninavyoogopa sindano. Akasema damu ya upasuaji hutolewa na ndugu, akachukua karatasi yangu, akatolewa yeye. Wa maabara hakuuliza jina.

Majibu yakaja: sukari imepanda mno, inaweza kuharibu figo, miguu, hata macho. Daktari akanikataza mimi sukari na pombe. Baba yako hakumwambia kuwa damu ile ni yake. Nami, kwa aibu, sikumwambia.

Siku hizi sukari imejaa madukani, hatupangi foleni tena. Mimi nakunywa chai chungu, yeye anaongeza vijiko vyangu kwenye kikombe chake. Kutwa anakunywa maji, kiu haimwishi. Nikisema, ananijibu: "Mgonjwa ni wewe, mama Abel. Jina lililoandikwa ni lako."

Wewe anakusikiliza. Njoo umpeleke hospitali. Jicho langu litasubiri.

Mama yako,
Coleta