Matundu Matatu ya Kiti cha Nyuma

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu huko ndani uliko. Shemeji anasema umekonda na kile kikohozi bado kimekung'ang'ania. Pole sana, kaka. Huku uzima tupo nao, ila nyumba imepoa. Wanao wanakula na shule wanakwenda. Yule wa mwisho naye sasa ananiita Sindano, kama unavyoniita wewe, eti kila shati langu lina uzi unaoning'inia. Nacheka naye, kisha natoka nje nikafute macho.

Karakana nimeifunga tangu mazishi ya mama. Juzi alikuja dereva mmoja wa teksi akitaka nimshonee viti vipya, nikamwambia mashine imeharibika. Mashine ni nzima. Mikono ndiyo haitaki.

Siku ya kesi nilikaa benchi la mwisho, nyuma ya dada, ili usinione uso. Nilikusikia ukieleza kwamba mama alipapasa kiti akitafuta pa kuchomekea mkanda, nawe ukageuka ukapapasa usipaone, na kwa vile saa ya daktari ilikuwa imekaribia, ukamwomba ashike kiti cha mbele, ungeendesha polepole. Kisha lile lori likafunga breki ghafla. Halafu akasimama mkaguzi wa magari, akasema vifungio vyote vitatu alivikuta mahali pake, vimechomoza, hata mtoto angeviona. Mwendesha mashtaka akakuuliza huoni haya kumfanya marehemu ngao. Hakimu naye akasema mkanda wa abiria ni jukumu la dereva, na kama abiria hajafunga kwa sababu yoyote ile, gari halipaswi kuondoka. Kwa hilo pekee, alisema, angekuonea huruma. Lakini kwa uongo juu ya mama yako mzazi, hapana. Hukumu ni Alhamisi.

Dada tangu siku hiyo hataki kusikia jina lako. Baba mdogo anasema ulikuwa na haraka zako tu. Yote hayo niliyameza, kaka, najionea aibu kusema hivyo. Lakini Jumapili shemeji alirudi kutoka kukuona akatuambia umeanza kusema labda hukutafuta, labda akili yako imejitungia tu. Hapo nilishindwa kumaliza chakula.

Ulitafuta, kaka. Mama naye alitafuta. Havikuwepo.

Unakumbuka Ijumaa ile kabla ya ajali, ulipokuja kuchukua gari baada ya mimi kulivalisha kiti cha nyuma kitambaa kipya, nikakutania kwamba kwa kiti kile hata wewe utaonekana bosi. Kitambaa kipya hatukitoboi siku hiyo hiyo. Tunakiacha kikaliwe siku mbili tatu kivutike, ndipo tunakata matundu ya vifungio, maana ukiwahi, tundu huhama likakaa upande. Nilipanga uniletee gari Jumatatu. Sikukwambia. Nilikuwa nimekivalisha kiti kizima, hakina hata mkunjo, nikaona raha kukitazama, na maneno yakanitoka kichwani. Vifungio vilikuwa chini ya kitambaa, vimelala kwenye sponji.

Hilo ni kosa, na ningeweza kulibeba. Sikiliza la pili.

Siku iliyofuata ajali, mlinipa kazi ya kwenda kituo cha polisi kuchukua mkoba wa mama na kiatu chake kilichobaki garini. Askari alinifungulia geti, akarudi kivulini kwake. Nikafungua mlango wa nyuma. Kiti kilikuwa vile vile, kizuri, na mkasi wangu mdogo ulikuwa mfukoni mwa shati kama kawaida. Nikakata matundu matatu, nikavuta vifungio juu. Tundu moja lilikaa upande. Nikalirekebisha, kaka. Mama yuko chumba cha maiti, nami nanyoosha tundu. Vile vipande vya kitambaa nilivyokata nikavitia ndani ya mkoba wake nikaondoka. Mkaguzi alikuja kesho yake.

Niliogopa jela, basi. Sina sababu nyingine iliyo bora kuliko hiyo.

Leo asubuhi nimekwenda kwa wakili wako na ule mkoba. Vipande vitatu nimevipanga mezani kwake. Amevitazama, akaniuliza kama naelewa nitakachofanyiwa, nikamwambia naelewa. Mchana huu ananipeleka polisi kuandika maelezo, na amenishauri nibebe nguo za kubadilisha. Wewe hatakuahidi kutoka, kwa kuwa gari uliliondoa mama akiwa hajafunga, na kosa hilo ni lako. Lakini uongo hukusema, na Alhamisi hakimu atalijua hilo. Dada nimemwambia jana. Alikwenda kutafuta ile picha yako aliyoitoa ukutani, akairudisha.

Shemeji nimemwachia funguo za karakana. Mashine auze au aweke, ni juu yake. Msalimie yeyote anayekutendea wema humo, na kikohozi hicho usikinyamazie, omba dawa. Kama watanileta jengo hilo hilo, usilazimike kuniangalia.

Ni mimi mdogo wako,
Sindano