Kitovu cha Ulimwengu Kiko Ujiji

Jumatatu, 3 Machi 1997

Leo nimeaibishwa darasani. Na mgeni! Mbele ya Kidato cha Tatu chote!

Nilikuwa nafundisha galaksi. Nimesema vizuri tu – ni makundi makubwa ya nyota, karibu yote yanatukimbia, na yaliyo mbali zaidi yanakimbia kwa kasi zaidi. Nikachora mishale ubaoni. Mishale mizuri. Mara mkono ukanyooka nyuma ya darasa, na si wa mwanafunzi. Ni yule Mzaire aliyeletwa na paroko wiki iliyopita atusaidie hesabu. Mwalimu Anatoli. Amevuka ziwa kutoka Uvira, analala parokiani, ana suruali moja tu, na kila siku imenyooshwa pasi. Sijui anaipigia wapi.

"Samahani, Madamu. Haziko zinakimbia. Ni nafasi katikati yao ndiyo iko inaongezeka."

Darasa zima: aaaa!

Nikamuuliza, kitu kinachozidi kuwa mbali na wewe kinaitwaje kama si kukimbia? Akajibu kwa heshima kabisa: "Inategemea, Madamu."

Inategemea! Kengele ikaniokoa.

Simpendi.

Jumanne, 4 Machi

Mambo yamekuwa makubwa. Mkuu wa shule, Mwalimu Pastory, alisikia ubishi wetu ofisini akauingia kwa miguu miwili. Yeye ni mtu wa Historia na Siasa. Alisikiliza, akanywa chai, akaweka kikombe.

"Frida, umesema zote zinatukimbia sisi?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Pande zote?"

"Pande zote."

"Basi sisi tuko katikati!"

Nikauliza, sisi nani. Akasema sisi! Hapa! Ujiji! Na kwamba siku zote alihisi.

Anatoli akasema hapana, Mkuu, popote utakaposimama utaona vile vile. Hakuna katikati.

"Hata akisimama mtu wa Simbo?"

"Hata wa Simbo."

Ee Mungu wangu! Angejibu lolote lingine! Shemeji yake Mkuu ni wa Simbo, kijiji cha jirani tu, na hawajasalimiana tangu ile harusi ya ng'ombe aliyepotea. Mkuu akasimama, akasema haiwezekani, akatoka nje, akapiga kengele ya paredi mwenyewe. Akawatangazia wanafunzi mia tatu kwamba sayansi imethibitisha Ujiji ni kitovu cha ulimwengu. Wakashangilia mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta.

Afisa Elimu anakuja Ijumaa. Mkuu ameagiza shuka jeupe liandikwe kwa rangi: KARIBU KITOVUNI.

Kisha Rozalia, mpiga chapa wetu, akaniita pembeni. Kumbe Jumamosi asubuhi lori linawachukua wakimbizi wote waliobaki mjini kwenda kambini, isipokuwa mwenye barua ya mahali anapofanya kazi. Barua ya Anatoli amekwisha kuichapa. Mkuu alikuwa na kalamu mkononi kabisa – sasa barua ameitia kwenye droo. Eti mpaka mgeni ajirekebishe kuhusu Simbo.

Yote haya kwa sababu ya mishale yangu.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda parokiani baada ya vipindi. Nikamwambia Anatoli, kubali tu! Sema Ujiji ni kitovu, pata barua yako, ulimwengu hautakushitaki.

Akanivutia kiti. Kisha akasema ameacha nyumba, ameacha vitabu, dada yake alielekea Kalemie na mpaka leo hana habari yake. "Hiki ninachojua ndicho nilichovuka nacho, Madamu. Nikianza kukisema uongo, nitabaki na nini?"

Nikamwalika chakula. Sijui kwa nini. Mdomo ulisema wenyewe.

Mama aliandaa ugali, migebuka ya kukaanga, na maswali. Una mke? Uliwahi kuwa na mke? Unataka mke? Nilitamani sakafu inimeze. Anatoli akajibu "hapana, Mama" mara mbili, la tatu akala samaki.

Kisha akaomba lastiki. Mama akaingia chumbani, akatoka na lastiki ya gagulo lake – ndefu! – akisema gagulo lenyewe lilishamshinda tangu Pasaka. Anatoli akafunga vifungo vitano vya shati juu yake, kila kimoja shubiri moja kutoka kwa mwenzake. Mama akashika ncha moja, mimi nyingine. Vuta, Madamu.

Nikavuta. Vifungo vyote vikaachana.

"Kuna kifungo kimetembea?"

Nikaangalia. Hakuna! Kila kimoja kimefungwa pale pale pake kwenye lastiki. Ila lastiki katikati imekuwa ndefu. Akaniambia nijifanye kifungo cha pili. Wote wananikimbia, na wa mbali wamesogea mara mbili ya wa karibu! Nikajifanya cha nne. Vile vile! Mama akasema yeye ni cha mwisho na naye anakimbiwa, si haki.

Basi mara sisimizi akapanda kwenye lastiki, amefuata harufu ya samaki. Anatoli karibu apige magoti. "Huyu sasa, huyu ndiye anakwenda!" Maana galaksi nazo zina mwendo wao wenyewe, mdogo, kama sisimizi yule. Andromeda, galaksi jirani yetu, anatujia kabisa, kwa sababu ni wa karibu na tunavutana. Lakini zile za mbali sana zinaachana nasi kwa sababu ya lastiki, si miguu. Hata nuru ikiwa njiani huvutwa na lastiki hiyo hiyo, wimbi linarefuka, linafika kwetu jekundu zaidi.

Nilifundisha sisimizi. Ilikuwa lastiki! Miaka sita nafundisha sisimizi!

Mama akauliza, kumbe ndiyo maana gauni zake zote zinambana? Anatoli akasema hapana, Mama, kitu kilichoshikana chenyewe hakitanuki. Mama akasema basi ni ugali.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwendea Mkuu. Nikamwambia nilikosea, mimi, si mgeni. Hakufurahi. Akauliza, kama kila kitu kinatanuka mbona kutoka hapa hadi stesheni ya Kigoma ni mwendo ule ule tangu yeye mtoto? Nikamweleza kushikana, mvutano, mwamba. Akauliza nani kanifundisha. Nikamwambia. Akasogeza kiti karibu.

"Frida. Huyu bwana amekula kwenu?"

Hiyo si fizikia, Mkuu!

Hakutia sahihi. Amesema lakini Kidato cha Tatu waonyeshe lastiki mbele ya Afisa, na kama Afisa atakubali, basi naye atafikiria. Shuka linabaki pale pale.

Ijumaa, 7 Machi

Nimechoka lakini lazima niandike yote.

Afisa Elimu amefika saa nne. Mama mmoja mrefu, miwani, hacheki. Alisoma shuka getini: KARIBU KITOVUNI. Akasoma tena. Akamuuliza Mkuu, kitovu cha nani?

Tukaingia darasani. Anatoli amesimama pembeni, pasi imenyooka kama kisu. Wanafunzi wawili wameshika lastiki ya Mama. Mimi naeleza. Vifungo vinaachana vizuri, sisimizi tumemchora kwenye karatasi. Afisa anaandika. Kisha akauliza, sawa, kuna galaksi za mbali mno ambazo zinaachana na sisi kwa kasi kuliko nuru, nimesoma mahali – si ninyi wa fizikia husema hakuna kinachoishinda nuru?

Sikulijua hilo! Nikamtazama Anatoli. Akafanya tu vidole vyake viwili vitembee juu ya mkono wake.

Sisimizi!

Nikasema: hakuna sisimizi anayeruhusiwa kuipita nuru. Lakini lastiki si sisimizi. Haiendi popote – inaongezeka, na kila kipande kikiongezeka kidogo, jumla yake haina mpaka huo. Nikawaambia wale wanafunzi wavute zaidi, aone.

Wakavuta zaidi.

Lastiki ya gagulo imefanya kazi tangu sijazaliwa. Ilikatika – pwaa! – kifungo cha tatu kikaruka juu ya madawati manne kikaingia kwenye soda ya Afisa Elimu. Ndani kabisa. Tukakisikia kikigonga chupa.

Mkuu amefumba macho, anasali nadhani.

Afisa akainua chupa, akakitazama kifungo. Akauliza, na hii sasa ilikuwa nafasi kutanuka au mwendo?

"Mwendo!" Darasa zima.

Akacheka! Alicheka mpaka akavua miwani. Akauliza mwalimu wenu alifundishwa na nani, nikamwonyesha. Akampa Anatoli mkono. Akamwambia Mkuu mtu kama huyu asimwache aende. Kisha akauliza tena kuhusu shuka. Mkuu akajikaza, akasema kwa sauti ya kufiwa: Ujiji ni katikati, mheshimiwa… na Simbo pia.

Ilivyomtoka ile! Nilitaka kumkumbatia.

Barua ameahidi kesho asubuhi. Muhuri uko nyumbani kwake, chini ya godoro. Hatuulizi.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwa penseli. Mstari unayumba, ni lori linapakiwa, si mimi.

Saa mbili sasa. Uwanja wa parokia umejaa watu, magodoro, sufuria, mbuzi mmoja. Mkuu hajafika. Rozalia alipita na baiskeli, anasema Mkuu ameamka na barua, akaisoma upya, akaona imeandikwa "mwalimu wa hesabu", akataka iandikwe "mwalimu wa hesabu na ulimwengu". Kwa hiyo imerudi kwenye mashine. Ulimwengu! Leo!

Mwenye orodha amemwita Anatoli mara mbili. Mara ya kwanza nilisema yuko chooni. Mara ya pili Anatoli mwenyewe akaitikia, hajui kudanganya, mtu gani huyu. Akapandisha sanduku lake, akapanda. Mimi nikapanda nyuma yake. Nimelikalia sanduku. Ameniomba kwa upole nisimame, nikasema inategemea.

Mwenye orodha anasema asiye msafiri ashuke. Mama mmoja mwenye watoto wanne ananiuliza kama mimi ni mke. Nimemwambia mimi ni mwalimu wa fizikia. Akasema ehe, na amesogea nipate kukaa vizuri. Anatoli anaangalia juu kama anayehesabu mawingu, anajikuna sikio.

Mama yangu yuko chini, amefika mbio na kanga moja. Nilidhani atanikemea. Amenirushia sweta.

Dereva amewasha. Kule mwisho wa barabara naona vumbi – baiskeli, au ng'ombe, siwezi kujua. Mwenye orodha amesema kwa mara ya mwisho, dada, shuka.

Sishu –