Bomba la Siku Moja

4 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumai u mzima na presha imetulia. Sisi afya tunayo, ila amani umeondoka nayo wewe. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unaongea wewe tu.

Hivi Jumapili ulikuwa unafikiria nini? Habari ya bomba nilikuandikia ucheke. Kwamba maji ya hospitali hayajawahi kufika wodi ya wazazi. Kwamba shemeji yako aliamriwa aunganishe bomba na lori la maji lililofichwa nyuma ya ukuta, ili Waziri afungue, anawe mikono, apigwe picha, aende zake. Na lori nalo likaenda zake. Nilimwandikia ndugu yangu, sikumwandikia Mkuu wa Kanisa Kuu! Nawe unapanda mimbarini, kwenye ibada ya shukrani kwa maji hayo hayo, Waziri mwenyewe yuko kiti cha mbele, unasimulia mpaka rangi ya lori.

Najua utasema hukutaja jina. Mdogo wangu, hospitali nzima ina fundi bomba mmoja!

Ulikuwa na miaka saba ulipomuuliza kasisi mbele ya watu kwa nini divai inayobaki anaimaliza peke yake. Chuo cha theolojia walikusimamisha muhula mzima. Parishi nne umehamishwa, na kila mara mkeo anaanza kufunga mizigo hata hujashuka mimbarini. Ulipopewa Kanisa Kuu tukapumua, tukadhani umri umekutuliza. Kumbe wamekupa kipaza sauti kikubwa zaidi.

Shemeji yako hajala tangu jana. Nijibu, na jibu liwe fupi.

Dada yako

9 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Presha inapanda na kushuka inavyotaka. Wifi yako anakusalimu, ingawa mimi haniongeleshi.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama. Nisamehe kwa kuitumia habari yako bila kukuomba. Hilo ni kosa langu na sina pa kujificha. Lakini hotuba nyingine nilikuwa nayo mkononi, kurasa tisa, juu ya maji ya uzima. Nikamwona kiti cha nyuma mama niliyemtembelea wodini wiki ile. Mama yake mzazi alikuwa anapandisha madumu ya maji ghorofa tatu ili mjukuu aogeshwe. Naye huyo anaimba wimbo wa shukrani pamoja nasi! Kurasa tisa zikanishinda.

Askofu ameniita. Anasema mimi ndiye mzigo aliopewa na Mungu ili asiwe na kiburi. Kanoni mmoja, kasisi mwenzangu hapa, anataka hotuba zangu zikaguliwe. Watapoa. Shemeji alitii amri tu, hana kosa. Mwambie ale.

Mdogo wako

21 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Hawakupoa.

Jana shemeji yako aliitwa ofisini akaambiwa ameiaibisha hospitali. Amerudisha sare na spana zote, na mbili zilikuwa zake mwenyewe. Miaka ishirini na sita ya kuzibua vyoo vya watu. Nyumba ni ya hospitali, tuwe tumetoka mwisho wa Mei. Ana miaka hamsini na nane na goti bovu, nani atamwajiri? Anakaa jikoni anasikiliza bomba letu linavyodondosha matone, na haligusi.

Wewe bado una joho, una nyumba, una mimbari. Usiniandikie.

Dada yako

10 Aprili

Dada,

Shikamoo. Najua umenikataza. Hii ni ya tatu, na zile mbili hukuzijibu.

Nimekwenda hospitali. Mganga mkuu amekataa kuniona. Nimezungumza na mlinzi wa getini saa nzima, naye anakubaliana nami kwa kila jambo, lakini hana la kufanya zaidi ya kunifungulia geti nitoke. Niambie tu kama mnaendelea vizuri. Hata mstari mmoja.

Mdogo wako

29 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumai hali zenu si mbaya.

Askofu ameniletea karatasi waliyokubaliana na hospitali. Inasema habari ya lori niliitunga, na hakuna mtu aliyenipa. Nikiisoma mbele ya waumini, shemeji anarudi kazini na nyumba mnabaki nayo. Nami nitaachwa hapa mpaka nistaafu. Nisipoisoma, sote tunaondoka.

Nitaisoma Jumapili hii. Mama alipofariki uliacha shule ili mimi nisome, na sijawahi kukurudishia chochote isipokuwa matatizo. Maisha yangu yote nasema ukweli, halafu wengine ndio wanaohama nyumba. Nimechoka kuona hivyo. Nakupenda, dada, na ninaogopa Jumapili.

Mdogo wako

6 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Natumai presha haijakuangusha. Yangu imepanda, na mimi sikuwahi kuwa nayo.

Jana tulipanda basi la kwanza tukaja, tukakaa nyuma kabisa, karibu na nguzo. Sikuja kukusamehe. Nilikuja kuhakikisha unaisoma, sikufichi. Nilitaka nibaki na jiko langu, na mume wangu aende kazini.

Ukavaa miwani, ukasoma. Sauti sikuitambua. Watu wa viti vya mbele walikuwa wanainama ili wakusikie, wewe ambaye mtaa wa pili wanalalamikia kelele zako! Ulipofika kwenye “niliitunga,” mzee mmoja mbele yangu akamwambia mkewe, “Kumbe huyu baba ni mwongo.”

Mwongo! Una kila kasoro, na ningeweza kumtajia zote mpaka jioni. Hiyo huna.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka mkoba uko kifuani na kanisa zima limegeuka. Nikasema lori lilikuwepo, mimi ndiye niliyekuandikia, na mume wangu ndiye aliyeunganisha bomba. Shemeji yako akanishika gauni kwa nguvu. Nikadhani ananivuta nikae. Kumbe alikuwa anatafuta pa kushikilia, kwa lile goti, naye asimame. “Ni kweli,” akasema. “Niliunganisha asubuhi na nikakata jioni.” Mpiga kinanda akaanzisha wimbo kwa haraka, wala sijui mliimba nini.

Kwenye basi alilala begani kwangu mpaka kituo cha mwisho. Ni wiki nyingi hajalala hivyo.

Leo saa nne wameleta barua: hakuna tena mwisho wa Mei, tuhame Jumamosi. Nasikia na yako inachapwa. Bado nimekukasirikia, na sijui itaisha lini. Njoo Jumamosi asubuhi na gari la kanisa, kabla hawajakunyang’anya ufunguo.

Dada yako